Mafuta ya Bibi Concetta

Dafrosa alikuwa na ngozi isiyopatana na baridi. Theluji ikianza kuanguka Hopkins, mji wa ughaibuni alikohamia na mumewe, magoti yake yalipauka kana kwamba kapiga magoti kwenye unga wa muhogo. Naye, muuguzi mzima anayejua dawa za kila namna, aliamini kitu kimoja tu: mafuta ya zeituni. Kwao Bukoba aliyajua ya vichupa vidogo, ya kupaka watoto. Kwa hiyo jirani wa ghorofa ya chini, Bibi Concetta, mjane wa Kiitaliano, alipompa kopo kubwa la mafuta hayo kumshukuru kwa kumfukulia gari kwenye theluji, Dafrosa alilipeleka moja kwa moja bafuni.

Asubuhi moja wakakutana kwenye ngazi. Bibi akasimama, akanusa, akamsogelea shingoni.

"Mbona unanukia shamba la kaka yangu?"

"Ndiyo, Bibi, asante sana! Ngozi imelainika hiyo!"

"Umejipaka?" Bibi alishika kifua. "Kaka yangu achume zeituni kwa mkono kule kwetu Puglia, azikamue siku hiyo hiyo, halafu wewe upake magoti?"

"Na visigino," akasema Dafrosa, ambaye uongo haukai mdomoni mwake.

Bibi akaghairi safari yake, akapanda naye mpaka jikoni, akamtilia kijiko kimoja. Dafrosa akameza. Kwanza ilikuja harufu ya majani mabichi, kisha uchungu, kisha koo likawaka, akakohoa mpaka machozi.

"Yameharibika, Bibi. Samahani kusema."

"Hayo ndiyo mafuta! Yasiyowasha koo kaoshee vyombo!"

Jioni hiyo Dafrosa aliyamwaga mabichi vilevile juu ya maharage yaliyoiva. Mumewe, Ambakisye, alimaliza sahani mbili, akakohoa, akaomba ya tatu. Jumamosi, akitaka kumfurahisha Bibi, aliendesha gari mpaka maduka ya Maple Grove akarudi na chupa ya bei mbaya, akaifunga utepe, na Bibi akaitwa juu.

Bibi alisoma kibandiko, akaiweka chupa mezani kama mtu aliyeshikishwa chura.

"Toskana. Si Puglia," akasema.

"Si Italia hiyo hiyo?" Ambakisye akauliza.

Dafrosa akamkanyaga mguu. "Mume wangu, wewe Mnyakyusa. Mtu akikwambia ndizi zenu za Tukuyu na zetu za Bukoba ni zile zile, utakubali?"

"Mungu apishe mbali! Hizo zenu..." Akamgeukia mgeni. "Bibi, tusamehe sana."

Bibi akadai mkate, ili tu awaonyeshe ubaya wa kitu chenyewe. Akachovya kipande, akatafuna huku kafumba macho. Akachovya cha pili. Akachovya cha tatu bila kumtazama mtu.

"Yana kelele," akatoa hukumu. "Hayana malezi. Siwezi kuwaachia watu wema kitu kama hiki ndani ya nyumba."

Akaikumbatia chupa, akashuka nayo ngazi polepole, utepe ukining'inia. Ambakisye alifunua mdomo acheke. Mkewe akamziba kwa kiganja, wakasimama hivyo hivyo, mabega yakitikisika, mpaka waliposikia mlango wa chini ukifungwa.