Pini ya Bawa la Kulia

Shangazi wa mume wangu ni fundi wa makochi. Ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake, na vidole vya mkono wake wa kulia vimepinda kidogo kwa kuvuta uzi. Jumamosi hashoni. Jumamosi yuko uwanjani, kwenye klabu ya watu wanaoruka kwa ndege zisizo na injini. Klabu hiyo ameiongoza miaka kumi na tisa, na kule hakuna anayelipwa, hata yeye.

Kilichomwingiza huko ni viti. Mtu mmoja alimletea karakanani viti viwili vyembamba, vitambaa vimechanika. Shangazi akauliza ni gari gani hilo linalobeba watu waliokondeana hivyo. Akaambiwa si gari. Akasema hawezi kushona kiti asichojua kinakaa wapi, akafunga karakana, akaenda kupima. Wakamketisha, wakamfunga mikanda, wakamrusha. Viti alivimaliza baada ya wiki mbili. Mwenyewe hakutoka tena.

Mimi nilifika kwa kuolewa. Mume wangu ni fundi umeme, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kuruka. Mwanzoni nilikuwa nakaa kivulini na mtoto, nasubiri jioni. Siku moja Shangazi akaokota karatasi yangu ya vitu vya dukani, akaisoma yote, sabuni mpaka nepi.

"Huyu aandike," akasema.

Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba.

"Saa unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi kaa hapo."

Nikapewa meza, saa ya mezani na madaftari mawili. La kwanza ni la muda: nani ameruka, saa ngapi, ametua saa ngapi. La pili ni la ukaguzi. Kijiko ndiye aliyeanza kuniita Bi Saa. Yeye mwenyewe tunamwita Kijiko kwa sababu siku za kazi anaendesha kijiko, lile gari la kuchimba mitaro. Jumamosi anakaa mwisho wa uwanja kwenye winchi, mashine inayokunja waya mrefu kwa kasi. Waya unaivuta ndege, ndege inapanda kama kishada, ikifika juu inauachia. Baada ya hapo ni kimya. Rubani anatafuta hewa ya joto inayopanda. Akiipata anaweza kukaa saa nzima, akiikosa anarudi baada ya dakika sita na kusema mawingu leo yana roho mbaya.

Banda letu ni dogo, kwa hiyo ndege inalala imefunguliwa, mabawa pembeni, kiwiliwili katikati. Kila Jumamosi asubuhi inaunganishwa upya. Ndani ya kila bawa kuna fito inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye kibao cha nyuma ya bawa, na kibao hicho ndicho kinachoifanya ndege ikate kona. Fito inaungwa kwa ndoano, na ndoano inafungwa kwa pini ndogo, haizidi ile ya kufungia nepi. Pini ikikosekana ndoano inaweza kushika mwaka mzima, na inaweza kuachia ndege ikiwa juu.

Ndiyo maana Shangazi aliweka sheria yake. Anayeunga bawa halikagui. Anakuja mtu wa pili na tochi, anachungulia tundu, anaiona pini kwa macho yake, anatia jina chini ya jina la kwanza. Jina moja halirushi ndege. Anayevunja sheria hiyo haruki wala hagusi ndege miezi sita. Iko sheria nyingine pia: yeyote aliyepo uwanjani akisema "simama", bawa linashushwa chini na hakuna kuulizana kwanza. Kuna siku muuza maji aliisema kwa sababu alitaka kupita na baiskeli yake. Shangazi alimshukuru, akanunua chupa mbili.

Mwezi wa pili mwaka huo, daktari anayepima marubani alimwambia Shangazi kwamba cheti chake hakitaongezwa tena. Kingekwisha siku atakayotimiza miaka sabini, mwezi wa tisa. Alitueleza huku anakunja turubai.

"Bado Jumamosi ishirini na nane," akasema. "Mvua ikila nane, naridhika."

Mvua ilikula tano mfululizo. Jumamosi iliyokauka ilikuwa mwezi wa nne, mawingu meupe yametengana vizuri, na watu walifika kabla ya jua kuchomoza sawasawa. Shangazi aliunga ndege na Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu shule ya jirani. Wakamaliza bawa la kushoto, Mwalimu akiunga, Shangazi akikagua. Mwalimu akaja mezani kuandika jina lake mstari wa kwanza, awahi, maana alitaka kuruka wa pili. Hapo simu ikamwita: mama yake ameteleza bafuni. Akaondoka mbio, viatu havijafungwa kamba.

Bawa la kulia Shangazi aliliunga peke yake. Nilimwona, nilikuwa namnyonyesha mtoto nikiwa nimeelekea huko. Akamkaribisha mume wangu kitini. Wakafanya lile jaribio la kila siku, mmoja kwenye usukani, mwingine anashika kibao kwa mikono.

"Umeshika, Shangazi?"

"Nimeshika. Sukuma."

Kibao kikakaza kama inavyotakiwa. Shangazi akaja mezani, akachukua kalamu, akatia jina lake mstari wa pili.

Daftari likawa halina kasoro. Majina mawili, miandiko ya watu wawili. Ila Mwalimu hakuwa amelifikia bawa la kulia, na Shangazi alikuwa amejikagua mwenyewe. Nadhani hakulifikiria. Miaka kumi na tisa jina lake lilikuwa likikaa mstari wa pili, na mkono ulikwenda ulikozoea.

Waya ukaunganishwa. Mtu akainua ncha ya bawa. Mume wangu alishusha kifuniko cha kioo, akanipungia kidole kimoja kama kawaida yake. Nilihesabu: mwezi wa nne na miezi sita ni mwezi wa kumi. Cheti cha Shangazi kinakwisha mwezi wa tisa. Mtoto alikuwa ameshalala na ziwa mdomoni.

"Simama," nikasema.

Sauti haikutoka kubwa. Shangazi alikuwa karibu, akaisikia, akairudia kwa sauti yake ya karakana, na bawa likashushwa.

"Nani kaita?" Kijiko akauliza kwenye redio.

"Bi Saa."

"Kaona mbuzi?"

Shangazi alinitazama mimi, kisha daftari. Niliweka kidole chini ya jina la Mwalimu. Akachukua tochi, akaenda bawa la kulia, akapiga magoti, akachungulia tundu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, ile anayoshonea. Akatoa kiganja kimejaa misumari midogo ya makochi, na katikati ya misumari ilikuwepo pini.

Mume wangu alifungua mikanda akashuka. Kijiko akafika kwa miguu kutoka kwenye winchi.

"Huenda ingeshika," akasema.

"Huenda," Shangazi akajibu.

"Basi irudishwe, Mwalimu akirudi akague, yaishe. Tuko sisi tu hapa."

"Shangazi," mume wangu akasema, "kikao cha klabu kinaweza kupunguza. Hata miezi miwili."

"Kikao ni nyinyi na mimi. Mwaka juzi Mwalimu alifanya hivihivi, akaja kwangu anaomba. Nilimpunguzia?"

"Mwalimu ana miaka arobaini," Kijiko akasema. "Anayo mingine."

"Hilo halimo kwenye sheria." Akaiweka pini juu ya meza yangu, mbele ya saa. "Andika, mwanangu."

"Niandike nini, Shangazi?"

"Ulichokiona. Usinipambie."

Niliandika mistari mitatu. Akaisoma, akatia jina lake chini. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaenda kuanza kukata nyasi.

Nyumbani mume wangu aliisogeza sahani yake kando.

"Ungeniambia mimi pembeni," akasema.

"Ulikuwa umefungwa mikanda."

Akala. Hatukulirudia.

Shangazi hakukosa Jumamosi hata moja. Alikata nyasi, alikokota waya, alitia viraka kwenye turubai la banda. Ndege hakuigusa. Ikisogezwa karibu naye alikuwa anaweka mikono nyuma kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya kioo. Mwezi wa tano aliniita, akanipa tochi, akanielekeza kwa mdomo pini inavyotakiwa kukaa. Kuanzia hapo wakanikabidhi mstari wa pili. Mwezi wa tisa siku yake ilipita akiwa ananoa fyekeo. Kijiko alimletea keki yenye umbo la winchi, akasema mbona fundi wa makochi anakula akiwa amesimama. Mtoto wangu alijifunza kutembea kwenye uwanja ule, ameshikilia kidole cha Shangazi kilichopinda.

Jumamosi ya kwanza baada ya miezi sita, Mwalimu ndiye aliyekuwa na zamu ya kurusha. Mama yake alishapona zamani. Alisimama mbele ya Shangazi na parachuti mkononi.

"Kiti cha nyuma kipo," akasema. "Abiria haulizwi cheti."

"Usukani sigusi?"

"Hugusi."

"Nilikishona mimi kile kiti," Shangazi akasema. "Hakijawahi kunikalisha vizuri."

Akavaa parachuti. Kijiko alimvuta taratibu kuliko anavyowavuta wengine, baadaye akakana. Wakaachia waya, wakapata hewa juu ya paa za maghala, wakazunguka. Niliwafuata kwa macho mpaka shingo ikauma.

Walipotua niliandika: dakika thelathini na nne, abiria. Shangazi alikuja mezani bado amevaa parachuti. Hakusoma muda. Akalifungua lile daftari la ukaguzi, akatafuta tarehe ya siku ile.

"Nani kakagua?"

Nikamwonyesha. Mstari wa kwanza Mwalimu, mstari wa pili mimi.

"Pini uliiona?"

"Zote mbili."

Akalifunga daftari, akamchukua mtoto.