Kwikwi ya Redio ya Kisomo

Baba yangu, Nassibu, si mtu wa jembe. Tulipohamia kijiji cha ujamaa kwenye njia ya Urambo, tukitoka Tabora mjini, watu waliliona hilo siku ya kwanza. Shamba la pamoja, wenzake wamemaliza tuta, yeye yuko katikati anapuliza viganja. Paskazia, jirani yetu, akawa anampigia kelele, "We Mswahili wa mjini, tuta halikuli!" Watu wanacheka, Baba naye anacheka. Nyumbani hacheki.

Kilichompa heshima ni redio. Kisomo cha watu wazima kilipewa redio kubwa ya zamani, inayokula umeme mwingi, na kijijini umeme hakuna. Baba akatengeneza kisanduku: transista mbili na koili aliyoizungushia waya kwa mkono. Unakipa umeme mdogo wa betri ya gari, chenyewe kinaupandisha mpaka redio ikubali. Mwenyekiti wetu, Mzee Lugembe, akaenda mjini, akanunua betri dukani kwa Champaklal. Hata Paskazia akaanza kumwita Baba fundi.

Siku ya kuwasha tukakaa wote katika ofisi ya kijiji. Betri iliwekwa nje, mbali na watoto, kwa ajili ya ile tindikali yake, waya ukapita dirishani. Redio ikasema, "Ndugu wa—" ikanyamaza. Ikasema, "—nanchi, leo—" ikanyamaza.

"Ina kwikwi!" Paskazia akasema. "Ipeni maji!"

Baba akazima, akatoka, akapima betri kwa mita yake. Nzima. Akafungua kisanduku, akabadilisha transista moja. Akawasha: kwikwi. Akapima tena pale umeme unapoingilia kwenye kisanduku, redio ikiwa inajitahidi kusema. Mshale ukaanguka. Nikaona uso wake umepata nafuu.

"Betri hii ikipumzika inajifanya nzima," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Ikitwishwa mzigo, inalala. Champaklal kawauzia betri mbovu."

Neno kama hilo, siku hizi wenye maduka wanapoitwa wanyonyaji, si la kulitupa hivi hivi. Asubuhi yake Mzee Lugembe na vijana wakaenda mjini, Baba katikati yao. Mama alikuwa amenituma sabuni, nikafuata nyuma. Dukani kulikuwa na foleni ya sukari.

"Mnyonyaji!" vijana wakapiga kelele. "Mrija huyo!" Foleni nayo ikadakia.

Champaklal ni mzee, mwembamba. Alimtazama Baba tu. "Fundi, umepima wewe mwenyewe?"

"Nimepima."

Akaingia ndani, akatoa betri mpya, akapokea ile ya kwanza. Mkewe, Bachubai, alikuwa anafunga milango ya duka, mmoja baada ya mwingine, na foleni bado imesimama.

Alasiri betri mpya ikafungwa pale pale nje. Redio ikasema, "Ndugu—" ikanyamaza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba akaufuata waya kwa mkono kuanzia kwenye kisanduku. Ulikuwa waya mwembamba wa spika, mrefu kuliko ilivyotakiwa, na kwa kuwa waya umekuwa adimu, hakutaka kuukata. Uliozidi aliuviringa, akautundika kwenye msumari wa dirisha. Akafika hapo, akaushika, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto. Umeme ulikuwa unaishia njiani, ndani ya waya wake mwenyewe. Betri ya Champaklal alikuwa ameipima redio ikiwa imezimwa tu. Redio ikiwa inawaka, hakuwahi kutoka nje kuipima pale pale ilipo.

Akaiingiza betri ndani, akaifunga kwa kipande cha waya kifupi, kinene. Redio ikasema, ikaendelea kusema. Vigelegele.

"Mmeona?" Mzee Lugembe akasema. "Betri ndiyo hii! Yule Mhindi alitupiga kabisa."

Nilimtazama Baba, nikangoja. Akainama, akawa anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Nikaangalia miguu yangu.

Tangu hapo sahani yake ikawa inarudi jikoni na ugali. Watu walimsalimia vizuri kuliko zamani, naye aliitikia kama anayedaiwa. Siku ya kisomo iliyofuata, kabla ya kuwasha, akasimama.

"Ile betri ya kwanza ilikuwa nzima," akasema. "Kosa lilikuwa waya wangu. Tumemwonea yule mzee. Mimi ndiye niliyewatuma."

Paskazia akadakia, "Kumbe na huku ni kama jembe tu!" Kicheko.

"Fundi," Mzee Lugembe akasema, "kama si betri, kipo kingine alichotuibia. Washa redio, taarifa inatupita."

Baba hakuwasha. Akafungua betri, akaifunga kwenye baiskeli. Wakamzomea mpaka barabarani. Mimi nilishika betri isianguke, macho chini.

Foleni ya dukani ilikuwa ndefu. Baba akasimama nje, kwa sauti ile ile ya ofisini. "Mzee Champaklal! Betri yako ilikuwa nzima! Ni mimi Nassibu niliye—"

Watu wakageuka. Wa nyuma wakaanza kusogea waone kuna nini. Champaklal akatoka mbio, akamshika Baba kiwiko.

"Polepole, Bwana Nassibu. Nakuomba. Usinikusanyie watu tena."

Bachubai alikwisha shika mlango. Tukazunguka uani, tukarudisha ile betri mpya, tukapokea ile ya kwanza, kama watu wanaoiba.