Bunduki Fupi Yamfikisha Fundi wa Adams Kortini

Saa mbili asubuhi, Tobias Were amemaliza kuchomelea geti la mteja wa Kileleshwa. Anachukua chapa ya chuma yenye herufi T.W., anaiweka juu ya bawaba, anainua nyundo. Halafu anairudisha chapa kwenye kopo. Geti linaondoka bila alama.

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna kazi iliyotoka kwenye kibanda chake, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, bila herufi hizo. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mjomba wake: kazi unayoionea haya, usiifanye.

Herufi hizo ndizo zilizompeleka kortini.

Agosti mwaka jana, afisa wa kituo kimoja cha polisi mjini alimletea bunduki ndani ya gunia. Ilikuwa ya kivita, lakini fupi ajabu. Mtutu haukufika nusu ya mtutu wa zile tunazoziona mabegani mwa askari. Kitako chake cha kukunja kilikuwa kimekwama. Were anasema alikataa, akaambiwa hiyo ni kazi ya serikali, afanye haraka. Akanyoosha bawaba, akapaka grisi. Kisha mkono ukafanya ulichozoea.

"Sikufikiria. Hata sufuria ya mke wangu Nanyama iko na T.W.," anasema.

Miezi mitatu baadaye ikagunduliwa kwamba bunduki hiyo haimo katika daftari lolote la silaha. Wakubwa wakatazamana. Mmoja akaona herufi mbili kwenye kitako, jibu likapatikana: ilikuwa ndefu, ikakatwa Adams na fundi wa jua kali. Were akashtakiwa kwa kutengeneza silaha bila kibali. Yuko nje kwa dhamana, lakini anaweza kufungwa miaka mingi.

Sasa wewe jiulize. Mtu akate bunduki kwa siri, halafu aitie jina lake?

Mzee Mutie, aliyekarabati bunduki za serikali hadi akastaafu, ameona picha ya bunduki hiyo. Anasema za namna hiyo zilitoka kiwandani zikiwa fupi, za askari wa kwenye magari, na maishani mwake aliziona mbili tu. Nani alizileta nchini, na kwa karatasi gani?

"Hiyo usiniulize, ndugu yangu. Mimi bado nakula pensheni."

Upande wa mashtaka unashikilia kwamba mtutu ulikatwa. Were anatikisa kichwa. Chuma kilichokatwa kwa grinda hubadilika rangi kwa moto, na kidude cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu kingeonyesha kimechomelewa upya.

"Ile ilikuwa safi, imetoka kwa mashine kubwa. Mimi hiyo mashine nitaitoa wapi?"

Awuor, anayeuza chai jirani, sasa humwita Jenerali. Humuuliza kama chai atalipa ama anapindua serikali kwanza. Wateja wa mageti hawatanii, wanapita tu. Zamani Were alipata mageti manne kwa mwezi. Mwezi uliopita alipata moja.

Kesi imeahirishwa mara tano. Kila mara hakimu huambiwa silaha ingali kwa uchunguzi. Afisa wa gunia amehamishwa, na ukiuliza wapi, unaulizwa wewe ni nani. Wakubwa wa nchi hii hawapotezi kitu bila sababu.

Jumanne Were ataomba bunduki iletwe kortini, naye apewe bomba na grinda akate mbele ya hakimu, watu walinganishe kwa macho yao.

"Wakiileta, nitarudi nyumbani bila kesi," anasema. "Wasipoileta, nataka hakimu awaulize leo iko mikononi mwa nani."