Unga wa Bakili

"Mikono nyuma." Kila aliyeingia katika nyumba ya kumbukumbu za vita, jirani na uwanja wa ndege wa Songea, aliamriwa hivyo na mlinzi wake, Ildefonsi Gama. Padri aliamriwa. Mwalimu mkuu aliamriwa. Hata mke wa Ildefonsi mwenyewe, Lidwina, alipomletea ugali mchana, kapu lilibaki nje.

Ilikuwa amri nzuri, na miaka ile ilihitajika. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na pamoja na mitumba na redio walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyaya za simu zilikatwa usiku. Mafundi waliyeyusha aluminiamu ya kila namna wakatengeneza masufuria. Na katika chumba cha pili, baina ya ngao za Kingoni na kofia za chuma za vita vya Kagera, ililala propela ya ndege ya Wareno iliyoangukia mashamba ya korosho kule Nalasi, wilayani Tunduru, enzi wenzetu wa Msumbiji walipokuwa wakipigania uhuru wao. Ildefonsi alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kila mgeni aliyeitazama propela ile kwa muda mrefu, yeye alimwona tayari anapima uzito.

"Afande, wewe hata Malaika Gabrieli ungempekua mbawa," alimtania Asumpta, muuza tiketi.

"Angekuja na mbawa za aluminiamu, ningempekua."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza alipofika Daimu, mkulima wa makamo kutoka Nalasi, kanzu imejaa tope la safari. Alikata tiketi, akapita ngao na bunduki bila kuzitazama, akaenda moja kwa moja kwenye propela. Alichuchumaa. Akatoa kitambaa kiunoni na kuanza kufungua fundo.

"Mikono nyuma! Nini hicho?"

"Unga, kaka. Unga wa mtama."

"Wa nini?"

"Wa marehemu ndugu yangu, Bakili. Ndege hii ilimwangukia shambani. Moto haukutuachia cha kuzika. Kila mwaka tunamwaga unga pale shambani ili atulie, lakini mama anamwota Bakili anakifuata chuma hiki. Mama mgonjwa sana. Kautwanga mwenyewe, akaniambia, mpelekee mwanangu alipo, nipumzike."

Ildefonsi alicheka kwa pua. Wezi wa mjini walisemekana kuwa na dawa ya usingizi: wanainyunyiza mchana, mlinzi analala usiku, mali inaondoka.

"Kama ni unga, ule."

Daimu alimtazama kwa mshangao. "Huu hauliwi, kaka. Ni wa maiti. Aliye hai hauli."

"Kijiko kimoja tu."

"Wallahi, siwezi."

"Nilijua! Asumpta, umemsikia? Anaogopa dawa yake mwenyewe."

Alimpokonya kitambaa, akakikung'uta nje mlangoni. Kisha akamshika Daimu mkono, akamtoa hadi barabarani. Daimu hakugombana. Aliokota kitambaa chake, akakikunja, akaelekea stendi.

Ildefonsi ni Mngoni wa kijiji cha jirani na Hanga. Amewaona wazee wa kwao wakimwaga unga makaburini, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani akaula. Alilijua jambo hili tangu utoto. Lakini aliyekwisha kuamua kwamba mbele yake kuna mwizi husikia wizi katika kila neno. Kuwachunga wezi ni kazi ya mlinzi. Kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalitenda ni dhuluma, hata ukiwa na sare.

Jioni, Asumpta alimwita mlangoni. Kuku wa jirani walikuwa wakidonoa ule unga.

"Afande, mbona hawalali?"

"Subiri."

Walisubiri. Jogoo alimaliza unga, akapanda juu ya uzio, akawika.

"Mwombe radhi yule baba," Asumpta alisema, safari hii bila utani. "Bado yuko stendi. Basi la Tunduru ni alfajiri."

"Nani atabaki na propela?"

Akabaki nayo. Asubuhi, baada ya kukabidhi lindo, alikwenda stendi akiwa na sare yake na kukuta basi limeondoka. Alimpa salamu dereva wa lori la korosho liendalo Nalasi: Daimu arudi, mlango uko wazi, aje na unga.

Barabara iliharibika kwa mvua, na jibu lilichelewa. Lilipofika lilikuwa fupi. Mama yao alimwuliza Daimu kama amemfikishia Bakili unga, na Daimu hakuweza kumdanganya mgonjwa. Bibi yule aligeukia ukutani, hakutaka tena chakula. Alifariki Ijumaa iliyofuata, akiamini mwanawe bado anahangaika bila kupokelewa.