Gauni la Rangi ya Dang'a

Tangu Viola Nakhungu apoteze macho akiwa darasa la tatu, hakuwahi kuvaa nguo aliyoichagua mwenyewe. Aliyemchagulia ni Nasambu, dada wa babake, ambaye kwa Kibukusu alimwita Senge, yaani shangazi, na Senge alikuwa na rangi zake: bluu nzito, kahawia, nyeusi.

"Hizo hazionyeshangi uchafu," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Viola akakua, akajifunza kufuma sweta kwa mashine, akapanga chumba Tuwan, mjini Kitale. Shule zilimtafuta kila muhula ulipokaribia kufunguliwa. Watoto wa watu waling'aa kwa rangi zilizotoka mikononi mwake, naye fundi amekaa ndani ya bluu yake kama askari. Kisha akachumbiwa na Wabwile, mwalimu mmoja mcheshi wa Bungoma. Siku ya wakwe kufika kwao Sirisia kutambulishana ilipokaribia, Senge akapiga simu kusema ameshaona gauni.

"Safari hii nitajichagulia, Senge."

"Utajichagulia na nini, mama?"

Swali hilo lilimchoma, hasa kwa vile halikuulizwa kwa ubaya. Lakini Viola alikuwa na simu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na duka moja la nguo mjini lilikuwa limefungua tovuti. Akaingia. Simu ikasema, "Picha. Picha. Kitufe. Picha. Kitufe." Akabonyeza kwa kubahatisha, nusura aagize suruali za wanaume.

Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na namba ya mtengenezaji wa tovuti hiyo, Kimotho, aliyezaliwa kwa wafugaji wa Endebess. Akampigia, akamweleza shida yake.

"Lakini madam, si picha ziko hapo tu?"

"Ziko kwako. Kwangu ni neno 'picha' mpaka mwisho wa dunia."

Kimotho akacheka kwa aibu. Hakuwa mtu wa kubishana. Akavipa vitufe majina, na kila picha akaiwekea maelezo ambayo simu ingeyasoma. Kesho yake Viola akasikiliza: "Gauni nzuri. Gauni nzuri sana. Gauni nzuri, ndefu."

Akampigia tena. "Kimotho, bana! Nzuri kwa nani?"

"Madam, mimi mambo ya nguo sijui. Nimekulia kwa ng'ombe."

"Basi niambie kwa ng'ombe."

Viola alikuwa anatania. Kimotho, maskini, akalichukua neno hilo jinsi lilivyo, akaketi kuandika upya. Safari hii simu ilipoanza kusoma, Viola aliendelea kufuma huku akitabasamu. "Gauni fupi, imebana kiuno. Rangi ya mahindi yakiwa bado magotini." Ikaendelea: "Gauni ya kufika miguuni, mikono mipana. Rangi ya dang'a, yale maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa."

Mashine ikasimama. Viola alimwona mama yake amechuchumaa zizini asubuhi, ndoo katikati ya magoti, na ndani yake ile manjano nzito aliyokuwa akiichungulia kabla hajaenda shule. Alikuwa ameisahau kabisa, na kumbe ilikuwepo tu. Machozi yakamtoka kwa furaha. Akatafuta kitufe kilichoitwa "Agiza", akakibonyeza mwenyewe.

Siku ya wageni, Senge alipomwona akashika kichwa. "Ati hii ndio ulichagua? Si utaonekana mpaka Uganda!"

Wakwe wakafika, wakaimba, wakala wakashiba. Mama yake Wabwile akaligusa lile gauni, akamgeukia Senge, kama watu walivyozoea kumgeukia mtu mwingine kila Viola alipokuwepo.

"Nani alimchagulia nguo?"

"Mimi mwenyewe, mama," Viola akajibu.

Mama mkwe akamshika mkono, akamwomba radhi, na tangu hapo akawa anazungumza naye yeye. Wabwile, kwa furaha ya bwana harusi asiyejua kukaa chini, akanyanyuka kuwaongezea chai. Birika likateleza, chai ya maziwa ikamwagika kifuani pa gauni. Bahati nzuri ilikuwa imeshapoa.

"Yesu wangu!" Senge akaruka na kitambaa. "Si nilisema? Si nilisema?"

"Senge, doa linaonekana?"

"Linaonekana sana!"

Viola akacheka mpaka mabega yakatikisika, akausukuma polepole ule mkono wenye kitambaa.

"Liache, Senge. Wacha lionekane."