Sufuria ya Kumfukuzia Eulogio

Mzimu wa korongo letu haukuwahi kuniita kwa jina. Jioni ile ukaniita.

"Delfinaaa!"

Jamani! Nilikuwa nakamua mbuzi, maziwa yote yakamwagika.

Kwa msioujua mto Gila, iko hivi. Enzi za machimbo ya fedha kulikuwa na mvushaji aitwaye Eulogio. Mafuriko yalimchukulia mtumbwi akabaki ng'ambo, chini ya mwamba, peke yake. Akaita wamfuate. Watu wakauogopa mto, wakajifungia ndani. Baridi ikamuua.

Tangu hapo, jua likizama, anaita: "Leteni mtumbwiii!"

Dawa yake ni sufuria. Unasimama mlangoni, unaigonga kwa kijiko mpaka anyamaze. Na bibi yangu alisema, siku akikutaja jina, gonga kwa nguvu zaidi, maana anakutaka wewe.

Nikagonga kama kichaa.

"Delfina!"

"Toka hapa! Katafute mwingine!"

Akanyamaza. Nikaingia ndani, nikapasha maharage yangu, nikala peke yangu kama kawaida.

Tangu nimzike mume wangu Fidel, jirani niliyebaki naye ni mzee Abrán, ng'ambo, nyuma ya kona ya mwamba. Tulionana msimu wa kuvuna pilipili, salamu, basi. Siku nyingi sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya mzimu. Mtacheka, lakini nilifika mahali namsubiri Eulogio aite ndipo nile.

Asubuhi nikapeleka mbuzi mtoni. Ile sauti tena, hafifu.

Mchana kweupe? Eulogio huita jioni tu.

Halafu ikakohoa.

Mzimu gani unakohoa?

Nikaingia majini na nguo zangu. Maji yalinifika kifuani, ya baridi kali, mawe yanateleza. Nilipozunguka kona nikamkuta mzee Abrán amelala chini ya mwamba, mguu umevunjika, midomo imekauka kwa kiu.

"Umefika," akasema. "Nilidhani utanigongea sufuria mpaka nife."

"Ningejuaje? Nilijua ni Eulogio!"

Akacheka, kikohozi kikamkamata. "Eulogio gani, mwanamke? Ni mimi. Miaka yote hii tangu Fidel afe, ni mimi."

Nilitaka kumzaba kibao, mguu au si mguu.

"Mzee mzima, unanitisha kila jioni! Unafaidika nini?"

Akaangalia pembeni.

"Ukigonga, najua uko hai. Halafu naenda kulala."

"Si ungekuja kubisha hodi?"

"Nilikuja, baada ya maziko. Hukufungua."

Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, nikazisikia hatua zake zikiondoka. Sikutaka kuonwa na mtu.

Nikamnywesha maji kwa kiganja, nikamfunika blanketi kutoka kwake, nikapanda hadi barabarani kuomba msaada. Waokoaji wakamtoa. Binti yake akamchukua kwake mjini, na mguu ule hautamrudisha huku tena. Ufunguo wa nyumba yake ninao mimi, pamoja na simu aliyoniachia binti yake.

Jioni ya kwanza bila yeye, jua likazama. Korongo kimya. Ndege wa mwambani wakanyamaza, ukabaki mto tu.

Nililia, sifichi. Nikachukua sufuria nikagonga hivyo hivyo, angalau kuwe na kelele.

Nikasikia kutoka ng'ambo:

"Leteni mtumbwiii!"

Mzee Abrán alikuwa mjini, mguu kwenye plasta. Nilimpigia simu kesho yake, akaapa kwa Bikira kwamba hajatoka kitandani.

Nikaangalia kijiko. Nikamfikiria yule mvushaji, tangu enzi za babu zetu anaita, na sisi kizazi baada ya kizazi tunamgongea masufuria.

Nikaiweka sufuria chini.

"Nakusikia, Eulogio!" nikaita. "Nipo hapa!"

Hakuita tena. Ila kila jioni, kabla ya kula, nampigia simu mzee Abrán, ananiuliza kama bado niko hai.

Ndugu zangu, mtu akikuita, itika kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye.