Siku Nilipomrushia Bwana Harusi Boksi la Risasi

Kuna watu hapa Beechmont, mtaani kwetu Louisville, mpaka leo wakinikuta dukani wananiita "mshenga", halafu wanageukia pembeni wacheke, na mimi nacheka nao maana nitafanya nini, lakini moyoni naungua, kwa sababu wao wanaijua ile nusu ya kuchekesha tu. Nusu nyingine huwa siisimulii. Leo naisema yote, na lawama msiniondolee.

Mwaka 2015 nilikuwa mshenga wa mdogo wangu Elia. Elia ni mtoto wa mama mdogo, amekulia Columbus, Ohio, tangu yuko shule ya msingi, fundi wa viyoyozi, kijana mpole ambaye ukimuuliza maneno kumi anakujibu mawili. Alitaka kumuoa Neema, binti wa Kitanzania aliyekuwa anaishi na shangazi yake hapa Louisville na kufanya kazi ya kutunza wazee. Mahari tulishaelewana kwa simu (niliongea mimi, na baada ya hapo nikawa natembea kama balozi), kilichobaki ni baba yake Neema, Mzee Anatoli, aje kutoka Cheektowaga kule Buffalo, alikokuwa akiishi na mwanawe mkubwa, amtazame kijana kwa macho yake, halafu Jumapili baada ya ibada atoe neno la mwisho.

Basi mzee akafika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi wanawake wakatufukuza nyumbani kwa shangazi ili wapike kwa nafasi. Hapo ndipo nikatoa wazo langu. Mzee Anatoli alikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi huko nyumbani, amelala porini, amekimbizana na majangili, na jana yake alituambia kwamba huku Marekani kitu pekee kinachompa raha ni kwenda msituni na mwanawe kuwinda kulungu wakati wa vuli. Nikasema, twendeni kwenye kiwanja cha kulenga shabaha kwa bunduki, kiko kimoja upande wa Okolona, nakipita kila siku nikienda ghalani kazini. Mzee alitabasamu, na huyu ni mtu ambaye tangu atue hakuwa ametabasamu.

Elia akanivuta hadi jikoni akaniambia, "Kaka, huko mimi sijisikii kwenda. Tutafute kitu kingine."

Nikamuuliza kwa nini, akasema tu hajisikii. Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi sebuleni nikatangaza mbele ya mzee kwamba bwana harusi anaogopa mlio wa bunduki, na mzee akacheka, na Elia akainamisha kichwa akasema basi tutakwenda wote, yeye atakaa pembeni kuangalia. Nikaona nimeshinda.

Lazima niseme hapa kwamba historia ya Elia nilikuwa naijua, ila naijua kijuujuu. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha gari kwa ajili ya vijana fulani huko Columbus, kumbe magari yale ya wizi, wakakamatwa wote, akakubali kosa kama wakili alivyomshauri, akafungwa, akatoka. (Bahati yake alikuwa ameshakuwa raia kupitia mama yake, la sivyo sijui angekuwa wapi.) Kichwani mwangu mtu akitoka jela amemaliza. Deni limelipwa, maisha yanaendelea. Kwamba kuna kitu kinaweza kumfuata mtu miaka yote hiyo hadi kwenye matembezi ya Jumamosi, hilo halikunijia hata kidogo.

Aliyetuendesha ni Papa Safari, Mkongo wa Kivu ninayefanya naye kazi, kwa sababu gari lake lina nafasi na langu lilikuwa na mlango mmoja usiofunguka. Tulipofika akaegesha, akazima injini, akarudisha kiti nyuma. Nikamwambia twende. Akasema, "Miye nilikimbiaka bunduki kule Masisi, donc siwezi lipa makuta juu ya kuisikia tena. Bon, muende, nitabangojea hapa mu gari." Makuta kwao ni pesa. Alivyosema hivyo Elia akasema naye atabaki amfanyie mwenzake kampani, na mimi, mshenga, nikamshika mkono nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mkwe hawezi kuingia peke yake wakati wewe umekaa kwenye gari kama dereva. Akaniangalia, akashuka.

Ndani kulikuwa na duka mbele, na nyuma ya ukuta wa kioo ndipo watu wanapopigia. Siku ya Jumamosi watu walijaa, baba na watoto wao, vijana, mabibi. Milio ilikuwa inapenya ukutani, tu, tu, tu, kwa hiyo kila anayeingia anapewa vile vifuniko vikubwa vya masikio. Mzee alivining'iniza shingoni kama mtu aliyezoea. Mimi nilivivaa palepale, nikapiga picha tatu za kutuma kwenye kundi la familia, nikasimama kaunta kuulizia bastola ya kukodi, nikanunua risasi. Boksi dogo, lakini zito ajabu. Nikageuka, Elia amesimama nyuma yangu mikono mfukoni, na mzee anatutazama, nikaona hii ndiyo nafasi ya kumchangamsha kijana, nikasema "Shika hii, bwana harusi," nikamrushia.

Elia alitoa mikono mfukoni, nikadhani anadaka. Hakudaka. Aliirudisha nyuma ya mgongo haraka kama mtu aliyerushiwa kaa la moto, boksi likampiga kifuani, likaanguka kwenye sakafu, likapasuka, na risasi zikatawanyika dukani pote, chini ya makabati, chini ya viatu vya watu, moja ikabingirika polepole hadi mlangoni.

Watu wakaanza kuinama kutusaidia. Mtoto mmoja akaokota, baba yake akaokota. Na Mzee Anatoli, mtu wa miaka yake, akashika kona ya kabati, akapiga magoti, akaanza kuzikusanya moja moja kwenye kofia yake. Elia amesimama wima. Mikono nyuma. Mkwe wake yuko magotini mbele ya viatu vyake, na yeye hata kidole hakuinua.

Sijui kama mnanielewa. Kwetu kijana hata kukaa kwenye kiti kabla mkwe hajakaa ni shida. Nilipoona vile damu ilinipanda, nikamsogelea ili nimnong'oneze, na kwa kuwa ni Kiswahili nilijua hakuna Mzungu atakayeelewa, nikamwambia inama usaidie, unatuaibisha, akatikisa kichwa, na ndipo ghafla kitu kikaniingia akilini, nikamnong'oneza tena, "Au ni ile kesi yako ya magari ya wizi? Si ulishafungwa ukaimaliza?"

Nilikuwa bado nimevaa vile vifuniko masikioni. Mtu aliyevivaa hajui sauti yake inafika wapi. Niliyedhani nanong'ona nilikuwa napiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na katika duka lile zima mtu mmoja tu alikuwa anajua Kiswahili mbali na sisi wawili, naye alikuwa chini sakafuni, masikio wazi, kofia mkononi. Nilimwona akiacha kuokota.

Aliyekuwa anahudumia, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, alishatoka nyuma ya kaunta. Hakuwa mkali. Alimtazama Elia na ile mikono yake, akauliza kwa upole kama amewahi kuhukumiwa kwa feloni, yaani yale makosa makubwa ya mahakamani. Kabla Elia hajafungua mdomo nikajibu mimi (nimeshavua vifuniko sasa, akili imerudi lakini imechelewa), nikasema hapana mama, hana rekodi yoyote, kijana safi.

"Ninayo," Elia akasema. "Ohio. Ndiyo maana sikushika."

Yule mama akamshukuru. Kweli, alimshukuru, akasema amefanya sawa, kwa sababu kwa sheria mtu mwenye hukumu ya namna hiyo hata risasi moja mkononi ni kosa jipya, si lazima bunduki, na anaweza kurudi gerezani kwa kitu ambacho mwingine angekiita mchezo, lakini sasa lazima atoke nje. Nikaanza kubisha. Kiingereza changu cha ghalani kikapata moto, nikamwambia huyu analipa kodi, huyu anapiga kura, adhabu alishamaliza, atabaki mfungwa mpaka lini? Akasema kura ni kitu kingine na risasi ni kitu kingine, na kama anataka haki hiyo irudi akaonane na wakili, si yeye. Kisha akaniambia na wewe sitakukodisha, kwa sababu nimekusikia ukinidanganya. Akamgeukia mzee akasema yeye akipenda anaweza kupiga.

Mzee alisimama taratibu, akamimina risasi kutoka kwenye kofia hadi kaunta, akavaa kofia, akatoka.

Tukaanza safari ya kurudi. Papa Safari alitaka kuuliza, akatutazama kwenye kioo, akarudisha macho barabarani. Tulipofika mzee alitangulia ndani, nasi tukabaki kwenye ngazi, na hapo Elia akaniambia kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa kazini huwa nasimama. Akasema Neema anajua kila kitu tangu mwanzo. Akasema walikuwa wamepanga kesho asubuhi, kabla ya ibada, yeye na mzee wakae wawili tu, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa amejiandaa wiki nzima.

"Ungenijulisha," nikasema, nikitafuta pa kujificha.

"Nilikwambia sijisikii kwenda," akasema.

Jumapili hakukuwa na neno la mwisho. Shangazi aligawa pilau kama msibani, na mzee alisema tu kwamba ameletewa kijana na nusu ya habari zake, kwa hiyo anarudi Buffalo kufikiri. Nilipiga magoti nikaomba radhi, nikaanza kueleza, na yeye akaniinulia kiganja. Akaniambia, "Mshenga, kijana wako aliulizwa akasema ndiyo. Wewe hukuulizwa, ukasema hapana. Sasa niendelee kuongea na nani?" Neema alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na bakuli la kachumbari. Aliliweka mezani, akaenda chumbani, na kwa muda mrefu sana hakunisalimia.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na mama mdogo. Theluji ilipoanza, Elia aliendesha gari peke yake kutoka Columbus hadi Cheektowaga, bila mshenga, bila kupiga simu. Mzee alimkaribisha ndani na hakumuuliza habari za magari kwanza. Alimuuliza kwa nini hakuinama tu akaokota, nani angejua. Elia akamwambia kwamba siku alipotoka alimwahidi mama yake kuwa hatarudi tena ndani, na ile ahadi hakuiwekea masharti.  Wanasema mzee akamwambia porini yeye alikamata vijana wengi na nyama zao na magobole yao, akawapeleka mahakamani, na hakuwahi kuuliza hata juu ya mmoja wao kwamba baadaye alitoka akawa nani.

Walioana kiangazi kilichofuata, huko huko Columbus. Aliyesimama kusema kwa niaba ya ukoo wetu wa Watanzania ni Papa Safari, na Kiswahili chake cha Kivu, na watu walimpigia makofi. Mimi nilipewa kazi ya kupanga viti.

Elia alikwenda kwa wakili, akaambiwa njia ya kuomba haki yake irudishwe ipo ila ni ndefu na haina uhakika, na bado anangoja. Si kwamba anaipenda bunduki. Mzee ndiye anayetamani waende naye. Kila vuli anakwenda msituni na mwanawe, na Elia, akienda kuwatembelea, anabaki nyumbani Cheektowaga na wanawake, wakirudi na kulungu ndipo anatoka kuchuna. Mara moja nilikuwepo. Nilimwona mzee akigeuka mlangoni kama anataka kumwita mtu, halafu akakumbuka, akaenda.

Nilimwomba Elia msamaha, si mara moja. Ananijibu yameisha, kaka, na nadhani kweli yameisha, ananipigia sikukuu, ananiuliza afya. Ila zamani kila jambo lake nilikuwa nalijua kabla ya wote, na habari kwamba Neema amejifungua mtoto wao wa kwanza niliisoma kwenye kundi la familia, pamoja na watu wengine wote, chini ya pongezi thelathini. Siku hizi mtu akiniambia hajisikii kwenda mahali, namwambia sawa, nakaa naye. Simuulizi kwa nini, na hasa simuulizi mbele za watu.